Kitundu Chini ya Pampu

Pampu ya maji ya Datsun 240Z iko mbele kabisa ya injini, nyuma ya feni, na mtu akifungua boneti huiona feni kwanza akadhani ndiyo yenye kazi yote. Feni yenyewe imefungwa kwenye mhimili wa pampu, na mhimili huo huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya kranki. Chini ya shingo ya pampu, upande usioonekana mpaka ulale chini ya gari na tochi mkononi, pana kitundu kidogo ambacho ncha ya penseli inaweza kukiziba. Mimi nilikiziba mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 15, kwa kijiti cha mwarobaini na gundi ya chuma. Nataka kueleza kitundu hicho kilifikaje pale, kwa sababu hakikuwekwa kwa bahati mbaya, na historia yake ni ndefu kuliko nilivyodhani siku ile.

Gari lilikuwa la ami yangu, mdogo wake baba. Alilinunua Mombasa mwaka 1979 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Lilikuwa na miaka 7, na rangi yake ya chungwa ilikwisha anza kupauka kwa jua la pwani. Jamaa hawakumwelewa. Ami alikuwa karani bandarini, hakuwa na mali ya kuchezea, na kwa fedha zile angaliweza kupata pikapu ya kubebea nazi. Badala yake alileta nyumbani gari la viti 2, lenye boneti ndefu kama pua ya papa, ambalo ukilitia gunia moja la mchele hapabaki pahali pa kutia mkoba wa mama. Bibi yake alilizunguka mara moja, akauliza watoto watakaa wapi, akaingia ndani.

Lakini Ami alikuwa mtu wa Safari. Kwa vijana waliozaliwa juzi itabidi nieleze. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo nyingi hazikuwa barabara. Yakawa ni mambo ya Pasaka. Kila mwaka watu walijipanga kando ya njia, wakanyeshewa, wakamwagiwa matope, wakarudi nyumbani wakiwa wamefurahi kabisa. Mwaka 1971 ushindi ulikwenda kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller katika Datsun 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walihamia Kenya zama za Idi Amin, alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena katika 240Z. Ushindi huo haukuwa rahisi. Alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ami aliisimulia hesabu hiyo barazani mara nyingi mno, hata wazee wasiojua kuendesha baiskeli waliijua kwa moyo.

Kichekesho ni kwamba gari lile halikuundwa kwa ajili ya matope yetu. Lilitoka mwaka 1969, na kiwanda kilikuwa kikiyatazama masoko ya Marekani, ambako liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowatia wasiwasi Waingereza waliokuwa wamezoea kuuza magari ya spoti huko. Injini yake ilikuwa ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za mchemraba 2,393, bloku ya chuma cha kusubu na kichwa cha alumini. Ilikuwa imara sana. Ami alikuwa na msemo wake kwamba gari lililoshinda Safari haliwezi kuuawa na maji. Alikuwa akikusudia mito na mafuriko. Hakufikiria maji yaliyo ndani.

Mwaka huo wa 1986, likizo ya shule, nilikuwa nikishinda kwenye gereji moja ya mtaani, nikiosha spana na kutumwa chai. Ami alikuja siku ambayo fundi amesafiri. Akaniambia, "Mwanangu, hebu litazame hili. Linakojoa kama punda. Nikiliegesha mbele ya msikiti naona haya." Nikaingia chini. Niliona tone la maji yenye rangi ya kutu likining'inia kwenye kile kitundu, likianguka, na jingine likifuata. Nikafikiri ni kasoro ya kiwandani, kwamba chuma kiliposubiwa kilibaki na tundu. Nikachonga kijiti, nikakigongomea taratibu kwa mpini wa bisibisi, nikapaka gundi juu yake. Jioni pakawa pakavu. Ami alinipa shilingi 20, na usiku barazani akasema mbele ya baba yangu kwamba huyu mtoto atakuwa fundi mkubwa.

Sasa turudi nyuma, tena nyuma sana.

Injini ya petroli ni moto uliofungiwa ndani ya chuma. Kwa makadirio ya kawaida, kiasi cha thuluthi moja ya joto la petroli haiendi kwenye magurudumu wala haitoki kwenye ekzosi, bali huingia kwenye kuta za silinda, na lazima iondolewe, la sivyo chuma kitapanuka, mafuta yataungua na pistoni zitakwama. Karl Benz, aliyepata hataza ya gari lake la magurudumu 3 mwezi Januari 1886, alilitatua jambo hili kama mtu anavyopika wali bila kufunika chungu: alizungushia silinda maji, akayaacha yachemke na kupotea hewani kama mvuke. Njia hiyo ilifanya kazi, ila gari lilikunywa maji bila kukoma. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliondoa gari bila kumwambia mumewe, akafuatana na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Watu hupenda kukumbuka kwamba alinunua mafuta kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Mimi hukumbuka kwamba njia nzima ilibidi wasimame kutafuta maji, kwenye mikahawa, kwenye vijito, popote. Dereva wa kwanza wa safari ndefu duniani alikuwa mtu mwenye ndoo.

Aliyewapumzisha watu na ndoo ni Wilhelm Maybach. Katika gari la Mercedes la nguvu farasi 35, lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900 na kutikisa mashindano ya Nice mwaka 1901, aliweka rejeta iliyofanana na sega la nyuki, yenye vijibomba vidogo vya mraba 8,070. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yao, na feni ikasaidia gari lilipokwenda polepole. Maji yale yale yakawa yanarudi kazini. Lakini nafasi kati ya vijibomba ni nyembamba, na maji hayapiti katika njia nyembamba kwa hiari. Yalihitaji kusukumwa.

Kisukumizi kilikuwa kikingoja zamani. Pampu ya kuzungusha, ile inayotupa maji pembeni kwa mapanga badala ya kuyavuta kwa pistoni, ilibuniwa na Mfaransa Denis Papin mwishoni mwa karne ya 17. Kwa muda mrefu haikuthaminiwa sana kwa sababu mapanga yake yalikuwa yamenyooka na yalipoteza nguvu nyingi. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, Mwingereza John Appold alionyesha pampu yenye mapanga yaliyopindwa, ikazishinda zile za mapanga yaliyonyooka kwa zaidi ya mara mbili. Ukiifungua pampu ya gari leo, kile kidude cha mviringo ndani yake ni mjukuu wa vitu hivyo. Hakina vali, hakina pistoni, hakina kitu cha kusugua ukuta. Kinaelea ndani ya maji kikizunguka. Mahali pamoja tu ndipo penye taabu, nako ni pale mhimili unapotoka majini kwenda kukutana na puli. Hapo lazima pawe na tundu la kupitia mhimili, na kwenye tundu maji hutoka.

Taabu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Henry Ford aliamua kuikimbia. Magari yake ya Model T, yalipoanza kutoka mwaka 1908, yalikuwa na pampu ya maji. Baada ya yale 2,500 ya kwanza akaiondoa. Akaacha maji yajizungushe yenyewe, kwani maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, mradi rejeta iwe ndefu na mabomba yawe mapana. Zaidi ya magari milioni 15 yaliundwa hadi mwaka 1927, na mengi yalipanda vilima yakifuka mvuke puani, lakini hayakuvuja pampu kwa kuwa hayakuwa nayo. Siwezi kumlaumu. Mkulima aliye mbali na fundi hahitaji kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Hata hivyo Model A iliyofuata ilirudi na pampu, na gari la spoti halikuwa na njia nyingine. Maji yanayojipandisha yenyewe hutaka rejeta iliyo juu na injini isiyo na haraka. Gari la spoti linataka boneti ya chini na injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Mwenye kutaka uzuri ule wa umbo, akubali na pampu.

Waliokubali pampu wakati huo walikubali pia kuvuja. Mhimili ulizungushiwa kamba iliyolowekwa grisi, ikashindiliwa kwa nati kubwa ya shaba. Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa sana hapa: ni kalafati. Kama vile pamba na mafuta yanavyoshindiliwa katikati ya mbao za jahazi, ndivyo kamba ile ilivyoshindiliwa kuuzunguka mhimili. Na kama vile hakuna nahodha aliyetazamia ngama kavu, ndivyo madereva wa zama zile hawakutazamia pampu kavu. Tena ukiikaza nati kupita kiasi, kamba hukosa maji ya kuilainisha, huungua, na kuutafuna mhimili. Kwa hiyo tone moja moja lilikuwa alama ya afya. Dereva alikuwa na kikopo cha grisi juu ya pampu, akakizungusha kidogo kila asubuhi, akaangalia chini, akaondoka. Tone lilipokuwa mfululizo, alikaza nati robo ya mzunguko. Yalikuwa mazungumzo ya kila siku baina ya mtu na chombo chake, kama kufua maji chomboni kabla ya kutweka tanga.

Kisha kamba ikaondoka, ikaja sili. Hii ni pete ya kaboni iliyosagwa ikawa laini kama kioo, inayobanwa kwa springi dhidi ya uso mwingine mgumu, mara nyingi wa kauri. Kimoja kinazunguka na mhimili, kingine kimetulia, na katikati yao hubaki utando wa maji mwembamba usioonekana kwa macho, unaozilainisha nyuso zote mbili. Utando huo ndio mafuta ya sili. Nyuma ya sili kuna beringi, iliyojazwa grisi mara moja kiwandani na kufungwa moja kwa moja, isiyohitaji kikopo wala mkono wa dereva. Katika Datsun ya Ami mpangilio ulikuwa huo.

Hapo ndipo kinapoingia kitundu. Walioichora pampu walijua kwamba sili itachoka siku moja. Mchanga kidogo, kutu kidogo, au injini kuwashwa bila maji kwa dakika chache hutosha kuukwaruza ule uso wa kioo. Maji yatapenya. Na maji yakipenya sili, kitu cha kwanza yatakachokikuta ni beringi, nayo beringi ndiyo inayoibeba feni. Basi kati ya sili na beringi wakaacha chumba kidogo kitupu, na chini ya chumba hicho wakatoboa kitundu, ili maji yaanguke chini kabla hayajafika kwenye grisi, na mwenye gari ayaone. Nimeona watu wakikiita kitundu hicho kasoro, kama nilivyokiita mimi. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya vitu vya kiungwana kabisa katika gari zima, kwa sababu ni fundi anayekiri mapema, kwa chuma, kwamba kazi yake haitadumu milele. Lakini sili mpya zilifanya kazi vizuri mno. Pampu ilikaa miaka mingi bila kutoa tone, na watu waliokuwa wakizungumza na pampu zao kila asubuhi wakaisahau lugha. Tone liliporudi, likaonekana kuwa aibu.

Kwetu pampu ile ilikuwa na shida zaidi. Maji ya Mombasa kutoka chemchemi za Mzima yalipokatika, na yalikatika mara nyingi, rejeta ilijazwa maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, maji yake ni mazito na yana chumvi. Chumvi huila alumini, huota ganda jeupe ndani ya njia za maji, na ganda hilo likibanduka huzunguka kama msasa mpaka lifike kwenye sili. Dawa ya rejeta tuliisikia tu. Wala pampu mpya haikuwa kitu cha kwenda dukani na kununua. Zilikuwa zama za vibali vya kuagiza bidhaa, kabla biashara haijafunguliwa mwaka 1993, na spea ya gari la viti 2 haikuwa katika mahitaji ya taifa.

Wiki ya sita baada ya kijiti changu, shangazi yetu mkubwa, dada yake Ami, alifariki Nairobi usiku. Habari ilitufikia baada ya alfajiri, na mazishi yalikuwa baada ya swala ya alasiri. Baba alikuwa baharini. Ami alichukua kanzu yake na koti, akaliwasha gari. Ni kilomita 480 hivi, na kwa gari lile, kwa saa zile alizokuwa nazo, ilikuwa safari inayowezekana. Nilimfungulia lango mimi.

Kilichotokea nilikijua baadaye, kwa vipande. Maji yaliyozuiwa kutoka chini yalikuwa yamejaa kile chumba kidogo na kupata njia ya pili. Wiki 6 zote yaliingia ndani ya beringi, yakaiosha grisi, yakaacha kutu. Ami alisema alisikia sauti ya kusaga baada ya Mariakani, akadhani ni mkanda. Alipopita Taru mhimili ulilegea, feni ikapinda mbele ikaikata rejeta, na maji yote yakamwagika barabarani kwa mara moja. Angesimama pale pale, injini ingepona. Hakusimama. Aliendelea kwa kuwa alikuwa anakwenda kumzika dada yake, na mshale wa joto, kama wajuao wajuavyo, ukikosa maji ya kupima hauna la kusema. Kichwa cha alumini kilipinda. Gari lilizima karibu na Mackinnon Road, na lori likamvuta hadi kwenye ule msikiti ulio kando ya barabara, penye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama. Hapo akaswali adhuhuri, kisha alasiri ilipofika akasimama peke yake akamswalia dada yake swala ya ghaibu. Alirudi Mombasa usiku juu ya gunia za mahindi.

Hakumlaumu mtu. Alisema gari limemsaliti. Likavutwa hadi nyumbani, likasukumwa chini ya mkungu, na hakuliwasha tena. Majani ya mkungu yalianguka juu yake miaka 25. Mara kadhaa nilifungua mdomo ili niseme, hasa baada ya kusoma na kuelewa kitundu kile ni cha nini. Kila mara nikakuta kuna wageni, au amechoka, au ni mwezi wa Ramadhani. Ami alifariki mwaka 2011. Wanawe hawakulitaka gari. Mwaka 2012 walinipa mimi, kwa kuwa, walisema, nililipenda tangu utotoni.

Mtu anayetaka kuitoa pampu ya 240Z iliyokaa sana aanze na subira. Kazi yenyewe si ngumu kwenye karatasi: mwaga maji, toa rejeta, legeza mkanda, fungua feni, kisha bolti za pampu. Taabu ni kwamba bolti ni za chuma, na kifuniko cha mbele cha injini zilimoingia ni cha alumini. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi katikati yao hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo hulipa. Bolti hushikwa na unga mweupe kama iliyopigwa lehemu. Nyingine ni nyembamba, na ukizikaza nguvu hukatika kichwa. Nilizimwagia mafuta ya kulainisha kutu siku 4 mfululizo, nikapasha moto kifuniko, nikazigonga vichwa kwa nyundo ndogo, nikazirudisha mbele na nyuma robo kwa robo. Moja ilikatika hata hivyo, nikaitoboa kwa keekee siku nzima, maana ukitoboa upande umeharibu kifuniko. Kila bolti niliichomeka kwenye kadibodi niliyochora umbo la pampu, kwa kuwa hazilingani urefu.

Pampu ilipotoka niliigeuza juu ya meza. Gundi ilikuwa bado iko, imegeuka manjano. Nikaikwaruza kwa kisu. Kijiti kilikuwa kimeoza nje, lakini ndani kilikuwa kizima, na alama za kisu changu cha utotoni zilionekana. Mwarobaini hauliwi na mdudu.

Mengine nayapita haraka. Kichwa cha injini kilipelekwa kusawazishwa, rejeta ikatengenezwa upya, pampu mpya ikaja kupitia Dubai. Nilisafisha uso wa kifuniko hadi ukang'aa, nikatia gasketi ya karatasi na gundi kidogo sana, nikapaka bolti kinga ya kutu. Kwenye rejeta sikutia maji ya kisima wala ya mfereji, bali maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na dawa ya glaikoli, nusu kwa nusu. Watu huniambia dawa hiyo ni ya Ulaya, ya kuzuia barafu. Kwa kweli ilianza kuuzwa Marekani, miaka ya 1920. Lakini pia huinua kiwango cha kuchemka na huzuia kutu, na gari litokalo usawa wa bahari kupanda hadi Nairobi, ambako maji yasiyobanwa huchemka kabla ya kufika digrii 95, linahitaji yote mawili. Siku ya kwanza pampu mpya ilitoa matone 2. Sili ilikuwa ikijitafutia mahali pake. Siku ya tatu ikakauka.

Ilibaki kavu miaka 12. Mwaka 2024, asubuhi moja, mtoto wa dada yangu aliyekuwa likizoni kwangu alitoka chini ya gari akifuta mkono kwenye suruali. "Mjomba," akasema, "kuna kitundu hapa kinatoa maji ya kijani. Nikuletee gundi?"

Nikamwambia alete sahani nyeupe. Tuliiweka chini ya pampu jioni, na asubuhi tukahesabu alama: matone 3. Baada ya wiki moja yalikuwa 11, na nilipoishika feni na kuitikisa nilihisi mchezo mdogo sana, kama jino la mtoto linapoanza. Nikaagiza pampu. Ilipofika nilimwita, nikatoa kwenye kabati kiberiti nilichohifadhia kijiti, nikamwonyesha, nikamweleza habari yote ya Taru na Mackinnon Road na shangazi. Alikigeuzageuza kijiti kidoleni.

"Na Babu alijua?" akauliza.

"Hakujua."

Akakirudisha ndani ya kiberiti. Nikampa spana ya kumi, akaanza na feni.